Tabianchi mezani kwa mtunga sera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya watu wenye kikao kesho asubuhi: maofisa mipango, wachumi wa wizara, wasaidizi wa wabunge, madiwani, watu wa asasi walioombwa maoni juu ya rasimu. Si lazima uwe umesoma fizikia. Makosa mengi ninayokutana nayo katika sera za tabianchi hayatokani na nia mbaya. Yanatokana na kuchanganya vitu viwili vitatu ambavyo sayansi ilishavitenganisha zamani. Kubwa kuliko yote ni hili: hewa ukaa hujilimbikiza. Ukilishika hilo vizuri, nusu ya maswali yaliyo hapa chini utayajibu mwenyewe.

Hali ya hewa na tabianchi vina tofauti gani?

Hali ya hewa ni mvua ya leo jioni. Tabianchi ni mwenendo wa mvua, joto, upepo na unyevu kwa muda mrefu, ambao kwa desturi ya wataalamu ni miaka 30. Wiki moja ya baridi haikanushi ongezeko la joto duniani, wala kiangazi kimoja kikali hakilithibitishi. Anayeleta hoja ya siku moja kikaoni, awe upande wowote, aulizwe miongo mitatu inasemaje.

Gesijoto hufanya nini hasa?

Mwanga wa jua hupenya angahewa na kupasha joto ardhi na bahari, navyo hulirudisha joto hilo juu kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ni takriban asilimia 99 ya hewa kavu, huiacha mionzi hiyo ipite. Hewa ukaa (kaboni dioksidi), methani, oksidi ya naitrasi na mvuke wa maji huinasa, kisha huitoa tena pande zote, na sehemu yake hurudi chini. Bila gesi hizo wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi tulizonazo. Kwa hiyo gesijoto zenyewe si adui. Kinachotuumiza ni kiasi tulichoongeza.

Elimu hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka mitungi ya kioo juani, mmoja una hewa ya kawaida na mwingine una hewa ukaa. Akaona ule wa hewa ukaa unapata joto zaidi na unachelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall akapima jinsi gesi mbalimbali zinavyonasa mionzi ya joto, na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi akakokotoa kwa mkono dunia ingepata joto kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Nayataja haya kwa sababu bado nasikia, na vikao vya heshima kabisa, kwamba jambo hili limebuniwa na wanasiasa wa juzi.

Hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa. Kitu kidogo hivyo kinaweza kubadili dunia?

Kinaweza, kwa sababu ile asilimia 99 nyingine haishiriki katika kunasa joto. Ulinganisho wenye maana ni kati ya kiasi cha zamani na cha sasa: kabla ya zama za viwanda kulikuwa na sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa, na leo zimepita 420. Hilo ni ongezeko la nusu nzima.

Tunajuaje kwamba ni sisi, si jua wala volkano?

Anza na barafu. Watafiti wametoboa barafu ya Antaktika kwenda chini zaidi ya kilomita 3, wakatoa nguzo ndefu na kuzikata vipande. Kipande kimoja ukikiinua kwenye mwanga unaona vipovu vidogo vimetapakaa ndani yake kama chembe za chumvi. Kila kipovu ni hewa ya kale iliyonaswa theluji ilipogandamana, na barafu hiyo ikiyeyuka vipovu hupasuka kwa mlio mdogo. Hewa inayotoka ndiyo inayopimwa. Vipovu hivyo vinaeleza miaka 800,000 ambayo hewa ukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi katika milioni, na haikupita hapo. Mwaka 1958 Charles David Keeling alipoanza vipimo vyake katika mlima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa imefika karibu 315. Safari ya kutoka 315 hadi zaidi ya 420 imechukua muda ambao ni umri wa mtu mmoja.

Je, kaboni hiyo mpya imetoka wapi? Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia vina alama yake. Vimezikwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni-14 iliyokuwamo, yaani aina ya kaboni inayooza yenyewe kadiri muda unavyopita, imeshaoza yote. Na kwa kuwa asili yake ni viumbe hai vya kale, kaboni-13 yake, aina nzito kidogo ambayo mimea huichukua kwa uchache, ni pungufu. Hewa ya dunia inazidi kubeba alama hizo hizo. Oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa pale kitu kinapochomwa.

Jua limepimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haikuongezeka huku joto likipanda. Tena, lingekuwa ndilo chanzo, angahewa yote ingepata joto, chini hadi juu. Badala yake tabaka la chini linapata joto na stratosfia iliyo juu yake inapoa, kama inavyotokea joto linapozuiwa huku chini. Volkano hutoa hewa ukaa isiyofika asilimia 1 ya ile ya binadamu kwa mwaka, na mlipuko mkubwa hupoza dunia kwa muda: volkano ya Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 ilishusha wastani wa joto kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili.

IPCC ni nani, na maneno yao ya "yumkini" yana uzito gani?

Ni Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Halifanyi utafiti wake lenyewe. Hupitia maelfu ya tafiti zilizochapishwa na kuzipima, na muhtasari wake kwa watunga sera hupitishwa mstari kwa mstari na wawakilishi wa serikali. Maana yake ni kwamba serikali yako ilikuwamo chumbani.

Maneno yake yana vipimo. "Yumkini" ni uwezekano wa kuanzia asilimia 66. "Yumkini sana" ni kuanzia 90. "Karibu hakika" ni kuanzia 99. Anayenukuu ripoti hizo kwa kusema "wanadhani" anapotosha. Na pale wanapotoa kadirio lenye pande mbili, soma pande zote mbili. Hewa ukaa ikiongezeka maradufu, kadirio bora la ongezeko la joto ni nyuzi 3, na yumkini liwe kati ya 2.5 na 4. Anayesema tusubiri kwa kuwa huenda ikawa 2.5 hana sababu ya kuisahau hiyo 4.

Nyuzi 1.5 ni kidogo. Mbona kelele nyingi hivi?

Nyuzi 1.5 juu ya joto la kabla ya viwanda ndizo nchi zilizokubaliana Paris mwaka 2015 kujitahidi zisipitwe. Kelele ni nyingi kwa sababu ni wastani wa sayari nzima, bahari ikiwemo, mchana na usiku, mwaka mzima. Wakati wa kilele cha zama za barafu zilizopita, miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilikuwa na baridi zaidi ya sasa kwa takriban nyuzi 5 hadi 7 tu, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa karibu mita 120. Nyuzi chache za wastani huweza kubadili ramani.

Madhara hayakai kwenye wastani, yanakaa pembeni, kwenye matukio makali. Wimbi la joto ambalo kabla ya viwanda lingetokea mara moja kwa miaka 10, kwa tathmini ya IPCC ya mwaka 2021 lilikuwa limefika mara 2.8 hivi katika muda huo huo. Dunia ikifika nyuzi 1.5 zitakuwa mara 4.1, ikifika nyuzi 2, mara 5.6. Hewa iliyopata joto hubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke kwa kila nyuzi moja, ndiyo maana mvua zikija zinamwagika kwa mkupuo, na mahali pengine hewa hiyo hiyo inanyonya unyevu wa udongo upesi zaidi. Kwa matumbawe, jopo lilikadiria mwaka 2018 kwamba nyuzi 1.5 zingepunguza asilimia 70 hadi 90 ya miamba yake, na nyuzi 2 zingemaliza zaidi ya asilimia 99. Nusu nyuzi ndiyo inayotenganisha mabaki na kutokuwepo kabisa, na kwa wanaoishi kwa samaki wa miamba hiyo nusu nyuzi si kidogo.

Je, nyuzi 1.5 zimeshapitwa?

Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza wa kalenda kupita nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha 1850 hadi 1900. Lakini lengo la Paris linahesabiwa kwa wastani wa muda mrefu, kama miaka 20, na huo bado haujafika hapo, ingawa uko karibu mno. Usiandike kwamba lengo limekufa, wala usiandike kwamba kuna nafasi ya kupumua. Kila sehemu ya kumi ya nyuzi inayozuiliwa ina faida yake, iwe kabla ya 1.5 au baada yake.

Bajeti ya kaboni ni nini?

Hapa ndipo ningeomba msomaji akae kidogo.

Moshi wa gari ukiisha kunuka, watu hudhani umekwisha. Masizi na vumbi hushuka baada ya siku au wiki. Hewa ukaa haiko hivyo. Takriban nusu ya tunayotoa hufyonzwa na bahari, mimea na udongo. Iliyobaki hukaa angani, na sehemu yake hukaa kwa karne nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakina wa kukimwaga. Kwa hiyo kiwango cha joto kinategemea jumla ya tani zote zilizotolewa tangu mwanzo, si tani za mwaka huu peke yake.

Uhusiano wenyewe unakaribia mstari ulionyooka: kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa huongeza nyuzi 0.45 hivi. Kati ya 1850 na 2019 binadamu alitoa takriban tani bilioni 2,400. Kuanzia mwanzo wa mwaka 2020, ili kuwe na nafasi nusu kwa nusu ya kubaki ndani ya nyuzi 1.5, zilibaki takriban bilioni 500. Hicho kiasi kilichobaki ndicho kinachoitwa bajeti ya kaboni. Dunia hutoa karibu bilioni 40 kwa mwaka. Miaka mitano tu ikala bilioni 200.

Sasa tuangalie jinsi hesabu hii inavyogeuza mjadala. Chukua nchi ya mfano inayotoa tani milioni 10 kwa mwaka, ikaahidi kufika sifuri mwaka 2050. Ikianza kupunguza mwaka 2025 kwa hatua sawa kila mwaka, hadi mwisho itakuwa imetoa jumla ya tani milioni 125. Ikikaa palepale hadi 2045 halafu ikashuka kwa kasi miaka mitano ya mwisho, itakuwa imetoa milioni 225. Ahadi ni ile ile na mwaka ni ule ule, lakini mzigo angani unakaribia maradufu. Mwaka wa mwisho ndio unaotangazwa kwa waandishi wa habari, wakati joto linaamuliwa na njia ya kufika huko.

Ndiyo maana pia mitambo inayojengwa leo ina uzito kuliko hotuba. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,000 hutoa takriban tani milioni 5 hadi 6 za hewa ukaa kwa mwaka kikifanya kazi sawasawa, na hujengwa kwa matarajio ya miaka 40. Kukisaini ni kusaini zaidi ya tani milioni 200, labda kifungwe mapema na mwekezaji alipwe fidia.

Tukiacha kutoa hewa ukaa kabisa, joto litashuka?

Litaacha kupanda baada ya muda mfupi, na hiyo ni habari njema kuliko watu wengi wanavyodhani, kwani maana yake ongezeko la kesho bado liko mikononi mwetu. Kushuka ni jambo jingine: litabaki karibu palepale kwa karne kadhaa. Bahari itaendelea kupanda kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa imebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada na barafu kubwa huyeyuka polepole. Anayepanga bandari au makazi ya pwani apange kwa bahari inayopanda hata katika dunia iliyofanikiwa.

Methani ihesabiweje?

Kando. Huu ni ushauri wangu wa wazi, ingawa desturi ni kuweka gesi zote katika kapu moja liitwalo "sawa na hewa ukaa".

Methani hukaa angani takriban miaka 12, si karne. Ikiwapo huko ni kali: tani moja ya methani ina nguvu ya zaidi ya tani 80 za hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 20, na karibu 28 hadi 30 ukihesabu kwa miaka 100. Kwa hiyo mtu anaweza kuipandisha au kuishusha thamani ya mradi kwa kuchagua kipindi tu, bila kudanganya tarakimu hata moja. Ukiona jedwali la "sawa na hewa ukaa", uliza ni kwa miaka mingapi.

Kwa vile haidumu, kuipunguza huleta nafuu ndani ya miaka michache. Chanzo chake ni mifugo inayocheua, mashamba ya mpunga yaliyofurika maji, madampo, migodi ya makaa, na visima na mabomba yanayovuja. Uvujaji wa mafuta na gesi ndio rahisi kuuziba, maana gesi iliyookolewa inauzika. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Glasgow, nchi zaidi ya 100 ziliahidi kushusha methani ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2020. Hata hivyo, kupunguza methani hakununui ruhusa ya kuendelea na makaa. Hewa ukaa ya makaa inabaki angani hata methani ikishasahaulika.

"Sifuri halisi" maana yake nini?

Kiasi kinachotolewa kiwe sawa na kiasi kinachoondolewa angani na kuhifadhiwa. Uliza mambo matatu: ni hewa ukaa tu au gesi zote, kiasi gani kitapunguzwa na kiasi gani kitaondolewa, na kilichoondolewa kitahifadhiwa wapi, kwa muda gani. Uondoaji wa sasa ni takriban tani bilioni 2 kwa mwaka, karibu wote kwa misitu na udongo. Mashine za kufyonza hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani zipo, lakini mchango wake bado ni tone. Mpango unaotegemea sana uondoaji wa baadaye ni mkopo unaoandikwa kwa jina la watoto.

Tupande miti, yaishe?

Tupande, na muhimu zaidi tuilinde iliyopo, kwa sababu msitu wa zamani una kaboni ambayo miche itachukua miongo kuirudisha. Lakini kaboni ya makaa ya mawe ilikuwa imefungwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, na kaboni ya mti inakaa hadi siku ya moto, ya ukame au ya shoka. Hizo si amana mbili zinazolingana. Kuna na swali la ardhi: ya nani, na anayeitumia leo ataenda wapi? Mradi wa miti usiojibu hilo hufa mapema, na huacha ugomvi nyuma.

Gesijoto zinatoka sekta zipi?

Kwa hesabu ya mwaka 2019: uzalishaji wa nishati karibu asilimia 34, viwanda 24, kilimo, misitu na matumizi ya ardhi 22, usafirishaji 15, majengo 6. Umeme unaotumiwa na majengo na viwanda umo ndani ya ile 34, kwa hiyo usidhani majengo ni jambo dogo. Nchi moja moja hutofautiana mno na wastani huu. Kabla ya kuiga sera ya jirani tazama hesabu zako; penye mifugo mingi na umeme wa maji, kuanza na mitambo ya umeme ni kuanza pasipo na tatizo.

Suluhisho zipi ziko tayari leo?

Nyingi kuliko miaka 15 iliyopita. Kati ya 2010 na 2019 gharama ya umeme wa jua ilishuka kwa takriban asilimia 85, ya upepo 55, ya betri za lithiamu 85, na haijaishia hapo. Hatua inayofuata ni kuhamishia kwenye umeme huo kazi zinazofanywa na mafuta. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo na iliyobaki hupotea kama joto, wakati mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa mno. Pampu za joto, mashine zinazohamisha joto badala ya kulizalisha, hutoa vipimo vitatu hivi vya joto kwa kimoja cha umeme. Tunapohama, nishati inayohitajika kwa kazi ile ile inapungua, jambo ambalo makadirio mengi ya mahitaji husahau.

Saruji, chuma, mbolea, meli na ndege ni ngumu zaidi. Zisitumike kuchelewesha yaliyo rahisi.

Mbona basi nishati ya jua inaonekana ghali kwenye zabuni zetu?

Tazama riba kabla ya kulaumu paneli. Mtambo wa makaa au dizeli hulipiwa kidogo kidogo kupitia mafuta yake ya kila mwezi. Mtambo wa jua hulipiwa karibu wote siku ya kwanza, kwa mkopo, na baada ya hapo jua halileti ankara. Kwa hiyo paneli ile ile, chini ya jua lile lile, hutoa umeme wa bei tofauti kabisa mkopo ukiwa wa asilimia 4 au 14. Dhamana za serikali, mikataba ya muda mrefu ya kununua umeme, na kinga dhidi ya kuyumba kwa sarafu hushusha bei kuliko ruzuku ya vifaa. Hili ni eneo la wizara ya fedha, na mara nyingi wizara ya fedha haijaitwa kikaoni.

Na usiku, au upepo ukitulia?

Hilo ni swali halali. Hakuna chanzo kimoja kinachobeba gridi peke yake. Hutumika mchanganyiko: betri kwa saa chache, maji ya mabwawa, njia ndefu za kusafirisha umeme kutoka penye upepo, jotoardhi au nyuklia pale inapopatikana, na bei zinazowashawishi wateja kusogeza matumizi. Njia za umeme huchukua miaka mingi kupata vibali, kwa hiyo sheria ya vibali inaweza kuwa sera ya tabianchi yenye nguvu kuliko ile yenye neno tabianchi katika jina lake.

Gesi asilia ni daraja?

Ikichomwa hutoa takriban nusu ya hewa ukaa ya makaa kwa umeme ule ule. Ikivuja kabla ya kuchomwa ni methani, na asilimia chache tu za uvujaji hufuta faida hiyo kwa miongo ya mwanzo. Kwa hiyo jibu langu lina masharti: uvujaji upimwe, si kukadiriwa, ijulikane inachukua nafasi ya nini, kwani gesi inayochukua nafasi ya makaa si sawa na ile inayochukua nafasi ya jua, na mkataba useme mtambo utafungwa lini. Daraja lisilo na ng'ambo iliyotajwa ni makazi.

Kodi ya kaboni au soko la vibali?

Kodi inapanga bei na kuacha kiasi kijitafute. Soko linapanga kiasi, yaani idadi ya vibali vya kutoa hewa ukaa, na kuacha bei ijitafute. Uswidi ina kodi tangu 1991, na Umoja wa Ulaya una soko tangu 2005. Zote mbili zinafanya kazi zikiwa na bei ya kuuma kidogo na misamaha michache. Kinachoziua ni siasa ya mapato: wananchi wakiona bei imepanda na hawajui fedha imekwenda wapi, sera haimalizi uchaguzi mmoja. Kadhalika kwa kuondoa ruzuku za mafuta. Fidia kwa kaya maskini ifike kabla ya bei mpya, si baada.

Wasafirishaji wa chuma, saruji, alumini na mbolea kwenda Umoja wa Ulaya waujue utaratibu wake wa kutoza mpakani kaboni iliyotolewa kutengeneza bidhaa: kuripoti kulianza Oktoba 2023, na awamu yenye malipo inaanza na bidhaa za mwaka 2026. Nchi yenye bei yake ya kaboni inaweza kubaki na mapato ambayo vinginevyo yangelipwa mpakani.

Biashara ya vyeti vya kaboni ni salama?

Inaweza kuwa, na mara nyingi haijawa. Cheti ni tani moja iliyopunguzwa au kuondolewa mahali fulani, inayouzwa kwa anayetaka kuihesabu kama yake. Cheti ni cha kweli ikiwa punguzo lisingetokea bila fedha hiyo, ikiwa kaboni itabaki ilipo, ikiwa ukataji haukuhamia msitu wa pili, na ikiwa tani moja haihesabiwi na nchi mbili. Serikali inayouza kupitia Kifungu cha 6 cha Makubaliano ya Paris, kinachoruhusu nchi kuuziana punguzo, hulazimika kuirudisha tani hiyo kwenye hesabu zake. Usiuze yaliyo rahisi na kujibakishia magumu ya kutimiza ahadi yako mwenyewe.

Kuhimili madhara kunaleta faida gani ya kupimika?

Tazama Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 kwa makadirio ya kawaida, na cha 1991 kiliua karibu 138,000. Mei 2020 kilipofika kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wameshahamishiwa kwenye maskani za dharura, na vifo nchini humo vilihesabiwa kwa makumi. Kati ya miaka hiyo hakukuwa na muujiza: kulikuwa na majengo ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo, utabiri, redio, na maelfu ya watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Bahari haikupungua nguvu, ila tahadhari iliwafikia watu mapema.

Ziko pia hatua zinazorudi kuuma, kama ukuta wa bahari unaohamishia mmomonyoko kijiji cha pili, au visima vya umwagiliaji vinavyokausha maji ya chini ya ardhi.

Makubaliano ya Paris yanamfunga nani, na fedha iko wapi?

Yalipitishwa 2015 na kuanza kutumika Novemba 2016. Yanaifunga kila nchi mwanachama kuwasilisha mchango wake wa kitaifa, yaani ahadi yake ya kupunguza gesijoto, kila miaka mitano, kila mmoja ukizidi uliotangulia, na kutoa taarifa za utekelezaji. Kiwango chenyewe nchi hujipangia. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, kwa hiyo neno "hiari" litumike kwa uangalifu.

Fedha ndiyo kidonda. Dola bilioni 100 kwa mwaka ambazo nchi tajiri ziliziahidi nchi zinazoendelea kwenye mkutano wa Copenhagen mwaka 2009 zilitakiwa zifike 2020, zikafika 2022. Mkutano wa Baku wa 2024 uliweka lengo la bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Unapopokea tarakimu hizi, tenga misaada na mikopo. Nchi iliyobomolewa na mafuriko ikakopeshwa ijenge daraja lile lile imelipishwa mara mbili kwa kaboni ya mwingine. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote ya makaa, mafuta na gesi katika historia.

Nimepewa rasimu inayosema "tutapunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 ifikapo 2030". Niangalie nini?

Chukua kalamu. Asilimia 30 ya nini? Kama ni chini ya makadirio ya "hali ikiendelea kama ilivyo", fanya hesabu: leo mnatoa 100, makadirio yanasema 2030 mngetoa 180, toa asilimia 30, inabaki 126. Neno ni kupunguza, tarakimu imepanda kwa 26. Huenda ni haki kwa nchi ambayo watu wake bado hawana umeme, lakini iandikwe wazi.

Halafu: gesi zipi? Misitu imehesabiwa ndani au nje? Sehemu ipi ina masharti ya fedha za nje, na fedha zisipokuja nini kinabaki? Nani mtekelezaji, na kifungu chake cha bajeti ni kipi? Ukikuta hatua 60 zisizo na hata kifungu kimoja, umeshika orodha ya matamanio.

Mwisho tafuta jedwali la tani za kila mwaka kuanzia sasa hadi mwaka wa lengo, na jumla yake chini. Kama halimo, liombe kabla kikao hakijafungwa. Ni mistari michache, na mchumi wa wizara anaweza kulitengeneza kwa mchana mmoja.